Kijana kafukuzwa shule: sifa mbaya zimefika kabla yetu, faili limebaki kabatini

Mjomba wa Igoma (mleta uzi)

Wakuu, mwadila. Msio wa kanda hii, habari za mchana.

Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa. Nalea mpwa wangu, mtoto wa dada. Dada yupo Nansio, kisiwani Ukerewe, anahangaika na dagaa, kwa hiyo mambo ya shule ya kijana nayabeba mimi. Yupo kidato cha tatu, au niseme alikuwepo, shule ya bweni ya binafsi ng'ambo ya daraja, upande wa Busisi. Jina la shule sitaji, sikuja hapa kuchafua mtu.

Mwezi uliopita kafukuzwa. Makosa yake siyafichi. Simu alikamatwa nayo mara mbili, halafu ikaja ile siku wanafunzi walipogoma kula, wakamwaga maharage mbele ya bwalo, naye akatajwa kuwa kinara. Nilimwambia mwenyewe, simu ya kwanza ni ujana, ya pili ni ujinga. Bodi imekaa na kuamua, sikatai. Uamuzi wenyewe sijauleta hapa tuujadili, kwa hiyo wale wa "malezi mabovu" mpite kushoto.

Kilichonileta ni karatasi.

Nilipewa barua ya mistari minne na mhuri. Nikaomba faili lake: ripoti za mihula, alama za maendeleo, nakala ya cheti cha kuzaliwa tuliyoiacha siku ya kumwandikisha, fomu ya afya (kijana ana selimundu, yaani sikoseli, maelezo ya kliniki yamo humo), na waanzishe uhamisho kwenye PReM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani (NECTA) wenye namba za wanafunzi, ili shule nyingine iweze kumpokea. Nikapelekwa kwa mhasibu. Kuna deni la ada laki nne na themanini. "Malizia kwanza, mengine tutazungumza." Nikarudi mikono mitupu.

Juzi nikampeleka shule moja upande wa Misungwi. Nafasi ipo, ada naiweza. Mkuu wa shule, mama mmoja mtu mzima, akatukaribisha vizuri, kijana kasimama pale na shati lililopigwa pasi. Nikataja alikotoka. Yule mama akavaa miwani, akachukua simu, akapekua kidogo, akanigeuzia. Kundi la WhatsApp la wakuu wa shule. Picha ya mpwa wangu, ileile ya pasipoti niliyoibandika kwenye fomu ya kujiunga kwa gundi yangu mwenyewe. Majina yote matatu. Kijiji cha mama yake. Na maneno: "Wakuu chukueni tahadhari, kinara wa mgomo, ana tabia zisizofaa. Akija kwenu mjue." Chini yake vikono vya kushukuru vimejipanga.

"Tabia zisizofaa" ni zipi? Kwenye barua yangu hazimo.

Nauliza walimu, wanasheria na wazazi wenzangu. Shule ikishamfukuza mtoto, kumbukumbu zake ni za nani? Kipi kiende shule anayohamia na kipi kisiende? Maana naona yale ya kumsaidia yamefungiwa kabatini, na yale ya kummaliza yamevuka daraja kabla yetu.

Furu Mkavu

Malezi mabovu.

Haya, napita kushoto.

Mjomba wa Igoma

Nilijua tu utakuwa wewe.

Chaki na Vumbi

Mleta uzi pole. Mimi nimestaafu, nimekuwa mkuu wa shule za sekondari miaka kumi na minne, huku Kanda ya Ziwa karibu yote. Nitasema ninavyolijua.

Kwanza huyo mkuu wa shule hamfukuzi mtoto peke yake. Anamsimamisha, shauri linakwenda bodi, na bodi lazima iwe na muhtasari wa kikao. Zipo Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza na kuwaondoa wanafunzi shuleni, chini ya Sheria ya Elimu, ndizo zinazotaja sababu. Barua ya mistari minne haitoshi. Omba sehemu ya muhtasari inayomhusu mtoto wako. Wataguna, lakini omba.

Sasa faili. Watu wanadhani faili la mwanafunzi ni kitu kimoja. Mle ndani kuna karatasi za aina mbalimbali zimelaliana kama samaki kwenye tenga. Kuna za taaluma: ripoti na alama za maendeleo. Hizo ni jasho la mtoto, na NECTA wanazitaka hizo alama. Mwakani mapema kunafanyika usajili wa kidato cha nne, na jina likiwa bado linaning'inia shule ya zamani kwenye mfumo, hapo ndipo mtakapolia. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yasikuumize kichwa, hayo yapo NECTA, hakuna mhasibu wa kuyafungia. Kuna za utambulisho, za afya. Halafu kuna za nidhamu: barua za onyo, maelezo aliyoandika mwenyewe, kumbukumbu za viboko kama alichapwa (kila adhabu ya viboko inatakiwa iandikwe kitabuni, ingawa vitabu vingi nilivyovikuta vilikuwa vyeupe pee, utafikiri shule za malaika).

Hizo za nidhamu ndipo tutakapogombana, na mimi naanza.

Niliwahi kumpokea kijana kwa uhamisho. Fomu safi, na barua: "tabia njema, ni mtiifu." Nikampa kitanda. Mwezi wa pili akamchana mwenzake wembe shavuni, nyuzi saba, tukamkimbiza hospitali na gari la ng'ombe aliyekuja kuchinjwa kwa ajili ya mahafali. Nikampigia mkuu mwenzangu alikotoka. Akacheka kwanza. Akasema, "Kaka, na huku alifanya hivyohivyo. Tulimwambia mzazi aombe kuhama, yaishe." Unaona? Hakufukuzwa. "Alihama." Huo ndio mchezo wetu wa miaka yote, mzazi anaambiwa chagua, ufukuziwe mtoto au uandike barua ya kuhama. Mzazi anachagua kuhama, shule inapumua, na mtoto anakwenda na tatizo lake limefungwa kwenye bahasha ya sifa.

Kwa hiyo mimi siungi mkono taarifa za nidhamu zifichwe. Ziende, ila kwa barua, mkuu kwa mkuu, zikiwa na tarehe na tukio na kilichoamuliwa. Hilo la kundi la WhatsApp ni umbea wenye mhuri.

Ntuzu wa Mjini

Gari la ng'ombe wa mahafali!! Mwalimu umenimaliza.

Mama Wawili Buswelu

Cheka tu. Mimi ni mama wa mtoto aliyeumizwa. Si huyo wa mwalimu, ni mwingine, shule nyingine, lakini ni yaleyale. Wangu alivunjwa jino na mtoto aliyehamia, na baadaye tukaja kujua shule nzima ya zamani ilimjua. Walimu wapya hawakuambiwa kitu.

Kwa hiyo mtanisamehe. Mnaongea haki za aliyefukuzwa, haki za picha yake, sijui haki za faili. Anayelala kitanda cha juu yake haki zake anazisemea nani? Ningekuwa na huo ujumbe wa WhatsApp kabla, mwanangu angekuwa na meno yake yote. Mjomba, kijana wako anaweza kuwa mwema kabisa. Mimi ningejuaje?

Mjomba wa Igoma

Mama Wawili, pole kwa mtoto. Sikubishii. Niambie kitu kimoja tu: ule ujumbe wa "tabia zisizofaa" ungekusaidia nini? Ungejua kuna simu na maharage, au ungedhani kuna wembe?

Mama Wawili Buswelu

Ningedhani wembe.

Mjomba wa Igoma

Basi.

Kanzu Nyeusi

Naomba niingie kisheria, kwa lugha ya baraza la kahawa.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022. Imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Wengi wanadhani ni sheria ya mabenki na mitandao ya simu. Shule nayo ni mkusanyaji wa taarifa binafsi, tena mkusanyaji mkubwa: ina picha, tarehe za kuzaliwa, magonjwa, dini, hali za wazazi.

Kuna aina ya taarifa sheria inaziita nyeti, zinazotaka uangalizi wa juu na kwa kawaida ridhaa ya maandishi. Angalieni zilizomo: taarifa zinazohusu watoto, taarifa zinazohusu makosa, taarifa za afya. Ujumbe ule una mtoto na kosa kwa pamoja.

Halafu kuna suala la lengo. Picha uliibandika ili mtoto aandikishwe. Kuigeuza tangazo la tahadhari ni lengo lingine kabisa, ambalo hukuulizwa. Na taarifa inatakiwa iwe sahihi. "Tabia zisizofaa" huwezi hata kuipima kama ni sahihi, maana haisemi kitu.

Kinachokusaidia wewe leo: una haki ya kujua wanachokihifadhi, kupata nakala, na kutaka kirekebishwe kama si kweli. Ukinyimwa, unalalamika Tume. Ada ni deni lako wewe mzazi, na njia za kudai deni zipo, mpaka mahakamani. Kuitumia selimundu ya mtoto kama dhamana ya ada siyo mojawapo.

Chaki na Vumbi

Wakili, unataka tusionyane?

Kanzu Nyeusi

Hapana mwalimu, muonyane. Wewe mwenyewe umeshaitaja njia: barua, mkuu kwa mkuu, tukio na tarehe. Shule inayompokea ina sababu ya kujua. Wale wengine wote kwenye kundi, ambao mtoto hatasoma kwao milele, wana sababu gani? Na wake zao wanaoshika simu?

Furu Mkavu

Na waume zao. Usibague.

Ntuzu wa Mjini

Mimi nipo kwenye kundi moja la kamati ya shule ya msingi huku kwetu. Kilichopostiwa asubuhi mchana unakikuta soko la Mwaloni kwenye mizani ya dagaa. Siku moja nilitumiwa habari za mtoto wangu mwenyewe na mtu asiyejua kama ni wangu.

Msukuma wa Leicester

Wangaluka bhabha. Nafanya kazi ofisi ya shule huku England mwaka wa tisa, kazi yangu ni hayahaya mafaili. Nieleze kunavyokwenda huku, si kwa kujisifu.

Mtoto akifukuzwa moja kwa moja, jina lake halifutwi siku hiyo kwenye rejista. Linabaki mpaka bodi ya shule ikae, wana siku 15 za shule, na mzazi akitaka kwenda kwenye jopo huru la mapitio, mpaka hilo liishe. Wakati huohuo, kuanzia siku ya sita ya shule, halmashauri lazima iwe imemtafutia mahali pa kusoma kutwa nzima. Kwa hiyo hata aliyefukuzwa ana mtu anayemsubiri.

Jina likishatoka, kumbukumbu za elimu zinatakiwa ziende shule mpya ndani ya siku 15 za shule, kupitia mfumo maalumu uliofungwa. Barua pepe ya kawaida hairuhusiwi, sembuse WhatsApp. Nikituma jina la mtoto kwa simu yangu nitaitwa ofisini kesho yake.

Ila kitu nilichotaka hasa kukisema ni hiki. Taarifa za ulinzi wa mtoto, mathalani kama anapigwa nyumbani au alishawahi kumdhuru mwenzake, zina faili lake peke yake. Halichanganywi na ripoti za hesabu. Linapelekwa haraka, ndani ya siku tano, linakwenda kwa mtu mmoja anayejulikana kwa cheo, na anayelipokea anathibitisha kwa maandishi kwamba limefika mkononi mwake. Mama Wawili, hilo ndilo faili lako. Lipo kwa ajili ya yule wa kitanda cha juu.

Na msidhani huku ni peponi. Ule mchezo aliousema Chaki na Vumbi, wa kumsukuma mzazi amtoe mtoto "kwa hiari" ili shule isionekane imefukuza, upo na huku, mpaka wakaguzi wa Ofsted wanaukemea. Tofauti kubwa ni kwamba shule za serikali huku hazina ada, kwa hiyo mhasibu hana cha kukalia.

Mama Wawili Buswelu

Hilo faili la peke yake nimelipenda. Ahsante kaka.

Chaki na Vumbi

Tulikuwa nalo zamani, ndugu. Liliitwa kichwa cha mwalimu wa malezi. Akihamishwa, linahama naye.

Sista wa Wodi

Jamani samahani, mnabishana vizuri lakini nimesoma mara mbili na hakuna aliyegusa hili. Mjomba, umesema kijana ana selimundu na maelezo ya kliniki yapo kwenye hilo faili lililofungiwa. Hilo ndilo la haraka kuliko yote. Ripoti ya kemia inaweza kusubiri wiki tatu.

Huku kwetu Ziwa watoto wa selimundu ni wengi, nawaona kila zamu. Shule mpya wasipojua, watafanya tu kama wanavyowafanyia wote. Saa kumi na moja alfajiri maji ya baridi, mchakamchaka, kazi za bustani jua la saa nane, na kupiga magoti nje akichelewa. Baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyoleta yale maumivu. Kijana wa miaka kumi na saba mgeni shuleni hatajitaja, ataona aibu. Atavumilia mpaka aanguke. Na akisema mgongo unauma, mwalimu ambaye ameshasoma "tabia zisizofaa" atasema anategea.

Usiisubiri shule ya zamani. Nenda na kadi yake kliniki anakohudhuria, omba barua ya daktari kwa ajili ya shule: anywe maji muda wote, aruhusiwe kwenda chooni, sweta asubuhi, asipewe adhabu ya baridi wala ya kuchosha, vidonge vyake vya foliki asidi asikose, na akipata homa asisubiri kesho. Umkabidhi matroni au patroni mkononi, na mwalimu wa darasa ajue. Wengine hawana haja ya kujua.

Mjomba wa Igoma

Sista, nimekaa kimya dakika kadhaa baada ya kusoma hii. Mimi nilikuwa nalia na alama za maendeleo. Kadi ipo Nansio kwa dada. Nampigia sasa hivi aitume na meli ya kesho.

Nyota ya Bezi

Huwa nasoma tu, siandiki. Leo niandike.

Nilifukuzwa shule mwaka 2012 nikiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani. Mimba. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyeuliza mara mbili.

Miaka mitano baadaye nikaamua kusoma kama mtahiniwa wa kujitegemea, nianze na QT, ule mtihani wa maarifa unaomruhusu mtu kufanya wa kidato cha nne. Nikarudi shuleni kutafuta uthibitisho kwamba nilisoma pale. Karani akatoa lile daftari kubwa la uandikishaji, akafuata mstari wangu kwa rula, akafika safu ya mwisho, sababu za kuondoka. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, neno moja. Akalisoma kwa sauti. Walikuwepo wazazi watatu kwenye benchi wanasubiri fomu. Wote wakageuka kuniangalia tumbo, na mwanangu alikuwa ameshaanza chekechea.

Nilifaulu QT, nikafaulu na kidato cha nne. Waraka wa mwaka 2021 wa kuwarudisha shuleni waliokatiza masomo ulipotoka nilikuwa nimeshavuka, nikafurahi kwa ajili ya wadogo zangu. Ila lile daftari bado lipo kwenye kabati lile. Nikipita na daladala nje ya ile shule huwa nalifikiria.

Kanzu Nyeusi

Dada, pole na hongera. Kwa faida ya wengine: mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wasichana waliofukuzwa kwa namna hiyo. Waraka ni hatua. Zile Kanuni za 2002 ndizo zinazohitaji wembe.

Furu Mkavu

Nyota, sina utani hapa. Heshima.

Chaki na Vumbi

Mjomba, tuwe watendaji. Andika barua ya kuomba kumbukumbu, nakala mbili. Moja waache, ya pili wakugongee mhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kugonga, andika jina la cheo cha aliyekataa na saa. Nakala peleka kwa afisaelimu sekondari wa halmashauri shule iliko, na kwa Wathibiti Ubora wa Shule. Usitukane, usitishie mahakama ukurasa wa kwanza. Taja uhamisho wa PReM, taja usajili wa mwakani, na uombe tarehe. Mkuu wa shule binafsi haogopi kelele za mzazi, anaogopa simu kutoka ofisi ya elimu.

Na deni lipo, usijifanye halipo. Peleka chochote.

Ntuzu wa Mjini

Tunasubiri mrejesho. Uzi usife.

Mjomba wa Igoma (mrejesho, siku kumi na moja baadaye)

Wakuu, nimerudi. Kaeni mkao wa kula, ni ndefu kidogo.

Barua niliandika kama alivyosema Chaki na Vumbi. Getini wakakataa kuipokea, nikaandika cheo na saa, kisha nikapeleka nakala ofisi ya elimu. Siku ya tatu nikapigiwa simu na mkuu wa shule mwenyewe, sauti laini kama uji, njoo mzee tuyamalize. Zamani ningekesha Kigongo nasubiri kivuko, siku hizi kilomita tatu za daraja bodaboda anazimaliza akiwa anakusimulia maisha yake. Nilikuwa ofisini saa tatu.

Nililipa laki mbili, iliyobaki tukaandikishana hadi Desemba. Uhamisho wakauanzisha kwenye mfumo mbele yangu, mwalimu wa taaluma akinigeuzia kompyuta nione namba ya PReM ni yake. Nikapewa faili nilipitie kabla ya kutoa nakala.

Sasa sikilizeni. Muhtasari wa bodi una mambo mawili tu, simu na mgomo. Nikafunua zaidi. Nikakuta barua ya onyo kali: kukutwa na bangi nyuma ya bweni. Macho yakaniingia giza. Nikamwita kijana aliyekuwa amesimama mlangoni, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema mjomba soma jina la tatu.

Jina la kwanza lake. La pili lake, na mnajua wenyewe huku usukumani majina ya pili yanavyofanana. La tatu si lake. Kidato si chake. Tarehe ni ya muhula ambao yeye alikuwa bado kidato cha kwanza na hajahamia bweni hilo. Karatasi ya mtoto mwingine imechomekwa kwenye faili lake, na aliyeandika ule ujumbe wa kwenye kundi aliandika akiwa ameifungua hiyo. Ndizo "tabia zisizofaa".

Mkuu wa shule aliisoma, akavua miwani, hakusema kitu muda mrefu. Ameandika kwenye kundi kwamba taarifa ile ilikuwa na kosa, na amewaomba wenzake waufute ule ujumbe wa kwanza. Waliokwisha kuuhifadhi ndio hivyo tena.

Ntuzu wa Mjini

Weka picha ya hiyo karatasi ya bangi tuione mkuu!

Mjomba wa Igoma

Hapana. Sikupiga hata picha. Ni mtoto wa mtu. Nilimkabidhi mkuu mkononi nikamwambia akaiweke inakostahili.

Mama Wawili Buswelu

Mjomba, hapo umenitoa machozi. Na huko Misungwi?

Mjomba wa Igoma

Misungwi tulirudi jana na barua ya mkuu kwa mkuu, imefungwa. Yule mama akaisoma yote, akaikunja, akamuuliza kijana swali moja tu: "Hayo maharage yalikuwa na nini?"

"Wadudu, mwalimu."

"Na hapa kuanzia mwezi wa tisa huwa na wadudu. Utafanyaje?"

Kijana akafikiri. "Nitamwambia kiranja wa chakula."

"Na asipokusikiliza?"

"Nitakuja kwako."

Akampa fomu. Barua ya daktari nimeikabidhi kwa matroni mwenyewe, nesi wa zamani, akaisoma akasema ana wengine wawili kama huyu. Tunahamia Jumatatu. Dada ametuma sweta mbili na meli ya jana, moja ameifuma mwenyewe ya njano, kijana amegoma kuivaa.

Sista wa Wodi

Avae hivyohivyo. Na chupa ya maji ya lita moja na nusu, isiwe ndogo.